Shajara ya mradi: dakika 25 za viraka (kaseti, nyatiti na gazeti), Kisumu

10 Februari 2024: tunaanza

Naandika kadri tunavyoenda ndio mwenye atataka kuiga asirudie makosa yetu, na pia ndio nikiulizwa nyumbani pesa ilienda wapi niwe na jibu. Tuko wanne. Mimi niko kwa kaseti na kulehemu, binamu yangu ako na laptopu, kuna dada mmoja muigizaji wa Nyalenda mwenye sauti ya redio kabisa, na jaduong' (mzee) mmoja wa nyatiti (kinubi cha Waluo) kutoka upande wa Seme ambaye bado hajakubali vizuri, alituambia tu "mtakuja tuone".

Mpango ni onyesho la dakika 25 ambalo kila kitu ndani kimeokotwa mahali: makanga wa stendi, posho mill, vichwa vya gazeti, gitaa la benga, mtangazaji wa redio wa zamani. Wenye vitabu wanaita hii usasaleo (postmodernism), na wanamtaja Lyotard, Mfaransa aliyeandika mwaka 1979 kwamba watu wameacha kuamini zile hadithi kubwa za kueleza kila kitu. Sawa. Sisi tumeichukua kwa udogo wake, kuokota, kukata, kubandika, kuiga waziwazi na kuacha watu waone mikono yako ikifanya.

Binamu akasema hayo ni mambo ya wazungu waliochoka. Nikamuuliza Makmende alikuwa mzungu? Ile video ya kundi la Kenya la Just A Band ya 2010 iliokota sinema za miaka ya sabini na jina la mtaani tulilokuwa tunaitana tukiwa watoto, na Kenya nzima ikaanza kuongeza hadithi zake kumhusu. Na DJ Kool Herc, mtoto wa Jamaika pale Bronx, mwanamume wa ile sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973, alikuja kutumia santuri mbili za aina moja kurefusha kile kipande watu wanapenda kuchezea, na Lyotard alikuwa bado hajaandika hayo maneno ya 1979. Akanyamaza. Hakuwa amekubali, chai ndio ilikuwa imefika.

24 Februari: lupu za kaseti

Jumapili nilienda soko la Kibuye nikapata redio kaseti mbili, moja 1,200 na nyingine 900 (haina mfuniko), mikanda ya raba 200 na kaseti kumi za mahubiri kwa 30 kila moja. Jumla 2,600.

Lupu ni kipande kinachojirudia bila kuisha. Unatafuta kaseti yenye skrubu, zile za kugandishwa achana nazo utazivunja, unatoa utepe wote, unakata sentimita 24, unazungusha kwa magurudumu yote mawili, unaunga, unafunga. Utepe wa kaseti unatembea kama sentimita 4.76 kwa sekunde kwa hivyo 24 inakupa sekunde tano hivi. Inaonekana ni kazi ya dakika kumi. Mi niliharibu tano kabla ya kupata moja.

Ya kwanza nilikaza sana, mota ikalia kama mbuzi. Ya pili nikalegeza, redio ikaitafuna. Ya tatu mpaka ya tano shida ilikuwa selotepu, gundi ilitoka pembeni ikapaka kichwa cha redio na sauti ikawa ya mtu amefunikwa blanketi, nikasafisha na spiriti na pamba, baada ya nusu saa imepaka tena. Dawa niliyopata: selotepu iwekwe upande wa nyuma tu, ule haugusi kichwa, na uikate iwe nyembamba kuliko utepe wenyewe kwa kama milimita moja. Na utepe ukate mshazari, usikate moja kwa moja.

Hata hivyo ule mshono unalia. Kila sekunde tano, tik. Nilikaa usiku tatu nikijaribu kuuondoa, nikakata upya, nikapunguza nguvu ya sauti, binamu akasema tuhamishie kwa laptopu ausafishe. Akausafisha. Ikawa safi kabisa na haina maana yoyote, ni kama mlio wa simu. Dada akasema rudisheni hiyo tik, bila hiyo mi sijui kama kitu kimekatwa, nadhani tu ni mtu anarudia maneno. Tukairudisha.

Kitu kimoja kilijileta chenyewe. Niliweka sauti ya makanga akiita mtaa wa Kondele, "Kondele Kondele Kondele", kwa kaseti mbili zenye urefu sawa nikawasha pamoja. Redio ya 900 inakimbia zaidi kidogo, kama asilimia 3 nikipima. Ukisikiliza, zinaanza pamoja, alafu mmoja anamkanyaga mwenzake, inakuwa kon-konde-dele, alafu "konde" inabaki peke yake inapiga kama ngumi, alafu "lele lele", na baada ya karibu dakika 2 na sekunde 45 zinakutana tena kama hakuna kilichotokea. Mtunzi Mmarekani Steve Reich alikutana na hii mwaka 1965 akiwa na mashine mbili za utepe ambazo zilikataa kwenda pamoja, na ndio akajenga muziki wake juu ya hiyo kasoro. Mi nilikuwa tayari na bisibisi mkononi nirekebishe mota (kuna katundu nyuma ya mota, ndani kuna kaskrubu ka mwendo). Nikaweka bisibisi chini.

17 Machi: posho mill

Fupi. Nilirekodi posho mill ya Manyatta na simu, ikatoka takataka, kelele ni kubwa sana na simu inajipunguzia sauti yenyewe kila sekunde. Kuweka simu ndani ya gunia la unga hakukusaidia, unga uliingia kwa tundu la chaji. Kilichosaidia ni kusimama ng'ambo ya barabara, kama mita 20, na kutumia programu inayokuacha upange nguvu ya sauti mwenyewe. Tumepata sekunde nane nzuri: mashine inazimwa, mkanda wake unapiga polepole mpaka unanyamaza, alafu sauti ya mama anauliza "ya nani hii?".

Mfaransa Pierre Schaeffer alifanya hivi na treni za Paris mwaka 1948, na hakuwa hata na utepe, alikata sauti kwenye santuri na kuifunga njia yake izunguke pale pale. Kwa hivyo mwenye kusema hana vifaa asiniambie.

30 Machi: gazeti na ngeli

Hapa ndio tulipoteza wiki mbili na ndio najivunia zaidi.

Msanii Brion Gysin na mwandishi William Burroughs, mwaka 1959 wakiwa Paris, walikata magazeti vipande wakapanga upya bila kufuata maana. Mwanamuziki David Bowie akaja akatumia njia hiyo kuandika maneno ya nyimbo kwenye miaka ya sabini. Kwa Kiingereza ukikata hivyo unapata sentensi ya ndoto. Tukanunua Taifa Leo za zamani kwa muuza nyama, za 150, tukakata, tukamwaga kwa sinia, dada akasoma ya kwanza:

"Wakulima wa miwa yafurika kwa sababu ya karo."

Tukacheka, lakini kicheko kibaya. Ilisikika kama mtalii anajaribu kununua maembe. Tukasoma nyingine ishirini, zote hivyo. Kiswahili kina ngeli, kila neno limeshika mkia wa mwenzake, ukikata popote upatanisho unavunjika na msikilizaji haoti chochote, anakusahihisha tu kichwani. Ndoto haipatikani kwa mtu anayekusahihisha.

Tulijaribu kukata virai badala ya maneno, yaani "kwa sababu ya karo" ibaki nzima, "wakulima wa miwa" ibaki nzima. Ikawa afadhali lakini imelegea. Tukajaribu kurekebisha upatanisho baada ya kupanga, sasa hiyo si kukata tena, ni kuandika shairi baya. Binamu akaleta wazo tutumie vichwa vya Kiingereza. Hapana.

Iliokoka kwa bahati. Dada alikuwa ametupa nomino nyingi upande mmoja wa sinia, amebaki na vitenzi na vijineno vichache, akaanza kuvisoma kwa sauti ya taarifa ya habari bila kujali:

"Yamepanda tena. Waziri asema yatashuka. Yakishuka, yatapanda. Wananchi wayasubiri foleni tangu alfajiri."

Mama mwenye nyumba alikuwa anapita na ndoo, akasema "mafuta". Mtoto wake akasema "maji". Binamu akasema "maisha". Hakuna mtu aliyewauliza! Kile kiambishi ya- kinaning'inia pale bila nomino na mtu hawezi kukiacha, lazima akitafutie mwenyewe. Kwa Kiingereza hii haiwezekani vizuri, "they" ni ya kila kitu, lakini ya- inakubana, inakwambia ni kitu cha aina fulani, kitafute. Kwa hivyo kanuni yetu sasa ni moja: tunakata nomino inayozungumziwa, tunaacha kitenzi chake. Mwenye kutaka kuiga aanze hapo, asipite kule tulipita.

13 Aprili: santuri ya uongo

Tulitaka kipande cha benga ya zamani, kuna santuri ndogo ya binamu iliyorithiwa na gitaa lake la mwanzo ni tamu ajabu. Tukatafuta mwenye haki. Mpigaji alishafariki, lebo haipo, karatasi ya katikati imefutika. Tungeweza kuchukua tu, nani angejua pale ukumbini. Lakini Marekani mwaka 1991 jaji alipoamua kesi ya rapa Biz Markie, aliyechukua kipande cha wimbo wa mtu, alianza na amri ya usiibe kutoka Biblia, na tangu hapo wengi huko wakichukua kipande huomba ruhusa na kulipia. Na hapa nyumbani tuna mfano wa furaha zaidi: Kothbiro ("mvua inakuja" kwa Kijaluo) ya Black Savage, ya 1976, kundi alilokuwa Ayub Ogada kabla ya kujulikana kwa nyatiti, ilitokea kwa albamu ya Kanye West mwaka 2018. Mtu wa Kisumu anasikia "mvua inakuja" kutoka upande ambao hakutarajia. Sisi si Kanye, hatuna wakili.

Tukalipa kijana mmoja wa gitaa 3,000 apige kitu chake kwa namna ya benga ya miaka ya sabini, si wimbo wa mtu, alafu nikakirekodi kwa kaseti, kutoka kaseti kwenda kaseti nyingine, mara nne, mpaka kikazeeka. Mara ya tano kilizeeka sana kikafa, kwa hivyo nne. Ni sampuli ya wimbo ambao haujawahi kuwepo. Mwanafalsafa Mfaransa Baudrillard angefurahi, yeye ndiye wa nakala isiyo na asili.

Gharama mpaka hapa: kaseti na redio 2,600, gazeti 150, gitaa 3,000. Jumla 5,750.

27 Aprili: nyatiti, shida yote

Mvua ya mwaka huu si ya mchezo, mara mbili tumekwama njiani tukienda kwa jaduong' na mara moja yeye mwenyewe alitupigia akasema msije, barabara imekuwa mto.

Kwanza maiki. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji ako na njuga za gara mguuni na pete ya chuma, oduong'o, kwa kidole gumba cha mguu, inagonga ubao wa chini. Mtu mmoja anafanya kazi ya watu watatu. Maiki ya kawaida ilishika gara tu na kelele ya mvua kwa mabati. Nikanunua visahani vya shaba vya ndani ya buza, sita kwa 50 kila kimoja, waya na jeki 450, gundi 150. Jumla 900. Nikabandika kimoja kwa ngozi, kimoja kwa ubao. Nikachomeka kwa mikisa: sauti nyembamba kama ya bati, na mngurumo wa stima juu yake.

Makosa mawili. Moja, visahani hivi havipendi kuchomekwa moja kwa moja kwa mikisa, vinataka kifaa cha kuvipokea kwanza chenye ukinzani mkubwa wa kama megaomu moja, ndio besi inarudi. Nilipata kimoja cha mkono wa pili kwa 3,800. Mbili, waya zangu zilikuwa uchi. Nikafunika kila kisahani na foili ya jikoni, juu ya tabaka la selotepu ili isiguse katikati, nikaunganisha foili na waya wa nje. Mngurumo ukaisha kama mtu amefunga mlango. Gundi nayo, tafadhali, usiweke gundi ngumu kwa ngozi ya nyatiti ya mzee wa watu. Nilikuwa karibu. Akaniangalia tu, akasema "nyathina (mwanangu), hiyo ni ngozi". Tulitumia utomvu laini wa kubandika karatasi ukutani, unatoka bila alama.

Alafu lupu. Nilikuwa nimenunua pedali ya lupu kwa 11,000 nikiamini ndio moyo wa kazi. Jaduong' anapiga, nakanyaga, inarudia, yeye anaongeza juu. Kwa karatasi ni nzuri. Kwa ukweli mwendo wake unapumua, akiimba anavuta, akinyamaza anasukuma, na pedali haipumui. Baada ya raundi tatu walikuwa wamegombana. Binamu akajaribu na laptopu, ikawa mbaya zaidi kwa sababu ya ile kuchelewa kidogo kati ya kugusa na kusikia. Tukamwomba jaduong' afuate lupu. Akajaribu kwa heshima, alafu akaweka nyatiti chini akauliza: "Huyo anayerudia, mbona hasikii?"

Nimeuza pedali 8,500. Hasara 2,500. Sasa kaseti zinakimbia zake, yeye anapiga zake, hakuna anayemfuata mwingine, na pale zinapokutana zinakutana.

18 Mei: jaribio mbele ya watu kumi na nne

Tulifanyia uani, Nyalenda. Dada alivaa suti ya mtangazaji, karatasi mkononi. Tulikuwa tumempa matangazo ya vifo, ile sauti ya redio ya taifa ya zamani kila Mkenya anaijua, "kifo kinatangazwa cha...", na hakuna jina linalofuata. Tuliona ni werevu. Jameson, mhakiki Mmarekani, anasema kuna kuiga kwa kejeli na kuna kuiga kusikocheka, na sisi tulitaka hiyo ya pili, uso mkavu.

Mama mmoja aliinuka akatoka. Baadaye tukaambiwa alizika Jumamosi iliyopita. Nilimfuata kumwomba msamaha, akasema hakukasirika, alikuwa tu anangoja jina. Basi tumebadilisha, sasa ni matangazo ya vitu vilivyopotea. "Imepotea. Ni nyeusi, pembe moja. Mara ya mwisho ilionekana Kibuye." Uso mkavu umebaki, kidonda cha mtu hatukanyagi.

8 Juni: onyesho

Ukumbi mdogo karibu na Kondele, 5,000. Vipaza sauti 6,000. Kiingilio 200, wameingia 61, wengi wao naapa walikuja kwa ajili ya jaduong'.

Kitu cha kwanza: santuri ya uongo ilipolia, mzee mmoja mstari wa mbele alimwambia jirani yake kwamba huo wimbo aliucheza sana 1974. Akaanza kuimba sehemu ya pili. Haina sehemu ya pili.

Vitenzi vilifanya kazi kupita tulivyotarajia. Dada akasoma "Vimepotea. Vilionekana wakati wa kura." Mtu akapaza sauti, "Viongozi!" Papo hapo mwalimu fulani nyuma: "Hapana, viongozi wamepotea! Ngeli!" Yule wa kwanza: "Hao wangu ni vitu!" Ukumbi ukalipuka, dada akangoja na uso mkavu kama jiwe, akaendelea.

Tulikuwa tumepanga dakika ya 14 dada asimamishe kila kitu na kusoma gharama za onyesho, mtindo wa Brecht, yule Mjerumani wa tamthilia, watu wakumbuke wanaangalia mchezo. Hatukufika. Dakika ya 12 jamaa mmoja ameinuka na noti ya 200 juu, akaja mbele, akaiweka, akainua mkono. Pakruok. Jaduong' akalaza kiganja kwa nyuzi mara moja, hakuuliza mtu. Hiyo ndio desturi, mwenye pesa anasimamisha muziki, anajisifu, anamsifu rafiki yake na kwao, muziki unarudi. Sasa kaseti hazijui desturi. Jamaa anajisifu kuwa yeye ni mwana wa nani na kivuli cha nani, na chini yake makanga wawili wanaendelea, kon-konde, konde, konde, tik. Nilikimbia nizime. Dada alinishika mkono. Jamaa mwenyewe aliwasikia, akangoja "konde" ianguke, akaweka jina lake juu yake. Watu wakasimama.

Baada ya hapo wakaja wengine kumi, kila mmoja akitafuta pa kuingilia kati ya makanga. Dakika 25 zikawa 52, mlinzi akaanza kuzima taa za nyuma. Ile karatasi ya gharama bado iko kwa mfuko wa suti. Na simu iliyokuwa inarekodi ilijaa dakika ya 19, kwa hivyo sehemu nzuri zaidi haipo popote. Futa mapicha yako kabla, nimesema.

16 Juni: hesabu na deni moja

Vifaa na vipande 5,750, visahani 900, kifaa cha kupokea 3,800, hasara ya pedali 2,500, nauli na chai miezi minne 6,400, ukumbi na vipaza sauti 11,000, jaduong' 8,000. Jumla 38,350. Kiingilio 12,200. Tumeingia mfukoni 26,150, wanne, na mmoja wetu hatoi kwa hivyo ni watatu. Pesa ya pakruok ilikuwa 4,650 na hiyo ni ya jaduong', hatukuihesabu.

Mkanda wa redio ya 900 umekatika. Nikiweka mpya nitapima tena mwendo, naogopa itakuwa imepona.

Jaduong' alinipigia Jumatano anataka lupu ya oduong'o yake, pete peke yake, ya kuchezea akiwa nyumbani kwa sababu mguu unamchosha siku hizi. Nilimkatia ya sentimita 24, nikampelekea. Jana ameirudisha na boda. Anasema ni nzuri lakini ile tik inaanguka mahali pabaya, anataka ianguke pale pale kidole kinapogonga, isikike kama vidole viwili. Nimeifungua iko hapa mezani, nasogeza mshono milimita mbili mbili.